Sauti Iliyopumzika Miaka Thelathini na Minane

Wananchi wa Tullis Bend, jimbo la Mississippi, wanatangaziwa kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kuanzia leo Mtaa wa Pili, ule wenye mashimo, utaitwa Mtaa wa Radi Mdogo, kwa heshima ya Bwana Lemuel Grissom, yaani Radi Mdogo mwenyewe, mmoja wa mababa wa muziki wa roki, ambaye kinanda chake kilimfukuza shetani katika wilaya hii, au kilimkaribisha. Wachungaji bado wanabishana.

Ndivyo alivyosoma Meya Wardell Sykes, Jumamosi moja ya Juni 1996, jua likitukaanga sambamba na kambare. Lemuel mwenyewe alikuwa ameketi jukwaani ndani ya koti lake la dhahabu la ujanani, ambalo vifungo vyake na tumbo lake vilikuwa vimeshavunja uhusiano.

Alitujia mwaka 1958. Wakati huo kila sanduku la muziki kutoka hapa hadi Memphis lilikuwa na santuri ya Radi Mdogo, "Viatu Vyako Vinanijua". Sauti ile ilipasuka katikati ya neno kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Sura yake hatukuijua. Kampuni iliyotoa santuri ilikuwa changa, picha ilikuwa anasa. Basi alipoteremka kijana mwenye koti la dhahabu, akakipiga kinanda kwa viwiko na kisigino katika ukumbi wa dansi wa Bi Ola, nani angemuuliza cheti cha kuzaliwa?

Kesho yake Earline, binti wa miaka ishirini, akarudisha pete ya uchumba. Mchumba wake alikuwa Hosea Puckett, mwenye kampuni ya mazishi na nyumba ya matofali. Mama yake Earline alizimia. Puckett, pamoja na uchungu wote, alimpima mama huyo kwa macho, urefu na upana. Kazi ni kazi.

Radi Mdogo akawa mume wa mtu. Akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Jumapili akawa anapiga kinanda kanisani. Kupiga tu. Kuimba, hata "amina" hakuiimba. Alisema daktari wa mjini Jackson ameamuru sauti ipumzike. Kila mwaka, siku ya ndoa yao, Earline aliicheza ile santuri, akalia, kisha akawaambia akina dada wa kanisa:

"Nilimwacha mwenye nyumba ya matofali kwa ajili ya sauti ile, na sijutii hata tofali moja."

Puckett hakuoa. Siku hiyo ya sherehe alikaa mstari wa mbele, tai shingoni, huku sote tukijipepea kwa vipepeo vya karatasi vya bure vyenye jina la kampuni yake.

Meya alipomaliza, mzee mmoja mgeni mwenye suti ya kahawia akasimama katikati ya watu. Hakuomba ruhusa. Alifumba macho, akaachia mstari wa kwanza wa "Viatu Vyako Vinanijua".

Jamani! Ilikuwa sauti yenyewe. Ilipasuka palepale inapopasuka kwenye santuri. Vipepeo vyote vilisimama. Meya alikuwa na kipande cha kambare mdomoni, na akabaki nacho, hatafuni, hatemi. Dada Odessa wa kwaya alipiga ishara ya msalaba, na sisi ni Wabaptisti, si Wakatoliki.

"Hilo koti ni langu, Lem," mgeni akasema.

 Lemuel alianza kulivua, mkono ukakwama.

"Mimi ni Cleophus Rainey," mgeni akatuambia. "Radi Mdogo ni mimi. Huyu alikuwa dereva wangu. Nilipata matubwitubwi mjini Little Rock, mashavu kama maboga. Wakala wetu akamwambia dereva, vaa koti, nenda, huko hawakujui sura. Nikapona, nikashika njia. Kila mji nikifika naambiwa Radi Mdogo ameshapita! Mahali pamoja walinifukuza mlangoni, wakaniambia, 'Tapeli wee, Radi Mdogo ni mfupi!' Nikaenda Detroit, nikafungia magari milango kiwandani mpaka nikastaafu. Juzi nikasoma gazetini habari ya mtaa wenu."

Hakuna aliyecheka. Mtu alikuwa amepokonywa maisha, na sisi ndio tuliompigia makofi mpokonyaji, miaka yote hiyo, tena tukampa na mtaa.

Earline alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa hauna rangi ya mtu anayeishi.

"Lemuel. Daktari wa Jackson?"

"Hakuna daktari, mama."

"Na mimi kila mwaka nalia mbele ya santuri, wewe umekaa hapo unakula keki!"

"Ilikuwa keki nzuri."

"Nyamaza!"

Hapo ndipo Puckett alipoinuka. Alinyoosha tai, akatoa mkono kama kijana wa miaka thelathini.

"Earline, nyumba bado ipo. Gari langu lipo pale kivulini."

"Lile la majeneza?" mtu akapayuka nyuma.

"Lina kiyoyozi," Puckett akasema, bila kugeuka.

Earline aliutazama ule mkono. Akamtazama Rainey, mwenye sauti aliyoipenda. Akamtazama mumewe, aliyekuwa bado anapigana na koti. Hata watoto waliacha kutafuna. Tulijua, na Lemuel alijua, kwamba jibu moja la kipumbavu lingempandisha mkewe kwenye gari lile.

"Niambie kitu kimoja," Earline akasema. "Na usinidanganye, Lemuel Grissom, maana leo nitakuua na mwenye jeneza yupo. Ile jioni kwa Bi Ola, kama haikuwa sauti hii, nilisikia nini mimi hata nikarudisha pete ya watu?"

Lemuel alijikuna shingo.

"Hukusikia kitu, mama. Ulinitazama tu. Kipaza sauti kilikuwa kibovu."