Mdomo Unacheka

Harufu ya dawa ya kuchua hunirudisha Adelphi, kule Marekani, sebuleni kwa bikizee wa Kichina aliyetunzwa na mama. Tulitazama naye tamthilia zake za Kikantoni bila kuelewa neno.

"Huyo mke simwamini," mama alisema, akimkanda miguu. "Mdomo unacheka, macho hayacheki."

Tangu hapo nikawashuku waigizaji wote.

Jumamosi moja mama alimpigia simu nyanya, huko Kenya. Alivua glavu kwanza, kana kwamba nyanya angeziona.

"Ofisini hawajambo, mama. Wamenipa meza yangu, karibu na dirisha."

Bikizee, asiyejua Kiswahili, akapunguza sauti ya televisheni, akamkazia mama macho. Nami nikageuka kumtazama.

Mdomo ulikuwa unacheka.