Mstari wa Rangi ya Kucha

Mafundi wa Machakos tulikuwa na zoea moja: huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo moto wa plagi tuliuwahisha kidogo kuliko kitabu kinavyosema, na gari likapanda kilima bila kulalamika. Injini ya turbo haitaki zoea hilo. Turbo hushindilia hewa yenyewe, na ukiiwahishia moto, injini hugonga kama kokoto ndani ya mkebe mpaka pistoni itoboke. Nilimweleza hayo mwenzangu hadi nikachoka. Tulijifunza kazi pamoja, tukakodi uwanja mmoja wa gereji, na nilimwita ndugu.

Mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kithyoko alituletea gari lake la turbo, la petroli. Likimridhisha, angetuletea na ya wenzake wote. Nililishughulikia mimi. Nilizungusha distributa, kile kifaa kinachogawa moto, nikapanda nalo barabara ya Kola vioo vikiwa chini, nikisikiliza, nikarudi, nikazungusha tena kidogo. Lilipoacha kugonga nilikaza nati, kisha nikachora mstari mwembamba kutoka distributa hadi kwenye injini kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yangu. Mtu akizungusha, mstari unakatika, na kila mtu anajua si mimi.

Wiki mbili baadaye gari likarudi likivutwa kwa kamba, pistoni imetoboka. Mstari ulikuwa mzima.

"Fundi, hii laini si ni yako?" mwenye gari aliniuliza mbele ya watu.

"Ni yangu."

"Basi ni wewe umeua gari yangu."

Mchana kutwa nilitafuta kosa langu ndani ya ile injini, na mwenzangu akanishikia tochi. "Kila mtu hukosea, usijali," aliniambia akinipiga bega. Nami, mjinga wa watu, nikamshukuru! Injini akaitengeneza yeye, kwa sababu mwenye gari hakutaka niiguse. Magari ya wenzake yakaja, yote kwake. Mimi nikabaki kuziba matairi.

Jumapili moja mke wangu, akijiandaa kwenda kanisani, aliniuliza kama siku hizi sihitaji tena rangi yake.

"Ile wiki ulienda matanga Kalama ulimtuma rafiki yako aichukue," alisema. "Akairudisha jioni."

Sikuwa nimemtuma mtu. Kanisa nililisahau, nikaenda moja kwa moja kwa mwenzangu. Hakukana. Nilipokuwa Kalama, mwenye gari alikuja akilalamika kwamba gari ni zito mlimani, naye akauwahisha moto, akamwambia amesafisha plagi tu.

"Mzee alitaka nguvu," alisema. "Ningekuambia, ungekataa."

"Sawa. Na mstari uliuchora tena wa nini?"



Pistoni ningemsamehe. Ni kosa la ufundi, na mimi pia nimeharibu injini za watu. Lakini siku ile alipokwenda nyumbani kwangu, akamdanganya mke wangu, akaukwangua mstari wangu na kuchora mwingine, gari lilikuwa bado zima. Lilikuwa halijagonga tena hata mara moja, naye alishaamua ni nani atakayelaumiwa.