Mluzi Akijibu Vibaya, Mkokoteni Husimama

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajagusa mkokoteni, Mluzi anajitoboa kidole. Kipimo cha sukari kinasoma tano nukta moja.

"Haitoshi kupanda mlima," anasema mkewe, akimsogezea ndizi na mkate. Mluzi anakula bila ubishi. Leo wanapeleka magunia sita ya unga kwa mwoka mikate, yeye akivuta, mke akisukuma.

Ana miaka hamsini na mbili, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameishi kwa sindano za insulini. Jina amelipata kwa kupiga mluzi kutwa nzima.

"Nilidhani kisukari ni mambo ya kula tu," anasema. "Kumbe na jasho linashusha sukari."

Alilijua hilo mwaka juzi, kwa gharama kubwa. Alijichoma dozi nzima pajani, akakimbilia mzigo wa haraka. Miguu ikafanya kazi, dawa iliyo pajani nayo ikaenda mbio mwilini. Katikati ya mlima akaanza kumfokea mkewe, yeye ambaye hajawahi kumpandishia sauti. Mama wa watu akanuna, akaendelea kusukuma. Mara Mluzi akaanguka, mkokoteni ukarudi nyuma. Mke aliuzuia kwa bega, na bega lake hilo hadi leo halinyanyuki vizuri.

"Nililia," anasema mke. "Si kwa sababu ya bega. Nilimnunia mgonjwa; kumbe hasira ile ilikuwa sukari kushuka."

Siku hizi, kwa maelekezo ya nesi, siku ya mzigo Mluzi hupunguza dozi na kujichoma tumboni. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: kila wakifika nguzo ya umeme, mke humuuliza swali.

"Baba watoto, jana nani aliosha vyombo?"

"Mimi, na hukunishukuru."

Nguzo ya nne, mluzi unakatika.

"Baba watoto, leo siku gani?"

"Niache, mwanamke!"

Papo hapo mke anasukumia jiwe chini ya gurudumu. Kipimo: tatu nukta nne. Anamnywesha maji ya sukari, wanakaa ukingoni mwa barabara. Baada ya robo saa kinasoma tano nukta sita, na Mluzi anapewa mkate uliobaki.

"Nimekutukana?"

"Kidogo."

"Nisamehe, mama."

"Hukuwa wewe."

Mluzi anapanga kununua mkokoteni wenye breki. Mkewe hana mpango mkubwa. "Mimi naomba tuzeeke," anasema, akiliondoa jiwe, "tugombane kwa makosa yetu wenyewe."

Mbele, mluzi unaanza tena.