Mpishi Aliyepima Udongo

Ukimwona Wachuka kwenye jiko la shule ya chekechea kule Mweiga, kalamu imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa, utadhani ni mwalimu amepitia uji. Kumbe ni mpishi, na watoto arobaini na wawili wanamtegemea.

Wazazi huleta viazi baada ya mavuno, vikafukiwa shimoni ili vifike mwisho wa muhula. Mwaka jana shimo lilikuwa la futi mbili. Jua la Februari lilipenya, viazi vikachipuka na kuoza, na wiki tatu za mwisho watoto walikunywa uji mtupu. Kuna mmoja aliyelamba sahani kavu. Wachuka hakulisahau hilo.

Kabla shimo jipya halijachimbwa, alimwendea Mwalimu Ouko, anayefundisha hesabu sekondari.

"Mwalimu, joto ya jua inaingia chini mpaka wapi?"

"Inategemea udongo, Mama. Nipimie joto ya huko chini siku tisa, kompyuta itatuambia udongo wako ni wa aina gani. Inakisia, inalinganisha na vipimo vyako, ikikosa inakisia tena."

"Kama kuonja chumvi."

"Hiyo hiyo!"

Wachuka akazika vipande vitatu vya paipu ya chuma, kila kimoja na kina chake, akateremsha kipimajoto kwa kamba ndani ya kila kimoja. Kila baada ya saa mbili aliacha sufuria, akasoma, akaandika. Ngatia, anayeongoza wazazi kwenye uchimbaji, alipita akicheka.

"Ati unapima mchanga? Iko na malaria?"

"Nikimaliza nakuja kupima kichwa yako."

Jibu la kompyuta likaja: kwa udongo ule, shimo liwe la futi tisa.

"Hiyo ni kaburi ya ndovu!" Ngatia akamaka. "Jumamosi tunachimba mbili, tunaenda nyumbani."

Wachuka alirudi jikoni roho imemshuka. Akashika kijiko cha chuma kilichosahaulika ndani ya sufuria, kikamchoma. Mwiko wa mti, uliokuwa kwenye sufuria ile ile, haukuwa na neno. Akasimama kidogo. Kisha akatoka mbio, akagusa mdomo wa paipu uliokuwa juani. Moto!

"Mwalimu, si udongo inabeba joto. Ni paipu yangu."

Ouko akacheka. "Na digrii yangu yote, sikuona."

Ngatia alibembelezwa mpaka akakubali kungoja, huku akinung'unika. Safari hii Wachuka alitumia mianzi, akaziba midomo yake kwa matambara, akasoma siku nyingine tisa bila kuruka hata moja. Jibu likawa futi nne. Ngatia akachimba nne, hakubishana.

Wiki ya mwisho ya muhula, wazazi wakakusanyika shimo lifunuliwe. Wachuka akashuka, akavunja kiazi. Kikalia ka! Kigumu, chenye maji, wala hakina chipukizi.

"Leteni karai," akaita kutoka chini. "Na leteni kubwa."

Mchana ule watoto walikula mukimo wa viazi vilivyopondwa, wakaongezwa.