Nilingojea ya Ine

Mimi nilikuwa mubaya kabisa ku mbio. Naisema mbele, juu kuko batu ku Butembo benye bangali banakumbuka ile usiku na banapenda kunifanya shujaa. Shujaa ya wapi? Timu ya mbio ya parokia ilikuwa na bakimbiaji ba kweli, na mimi nilikuwa nababebea maji. Niliingia mu timu juu mama ya mumoja wabo alimufungia mulango ile siku, akamwambia atakimbia vita ikiisha.

Barabara ya Beni ilikuwa imekufa. Siku tatu, hapana gari. Moto, ile pikipiki, ikionekana tu, basoda ba bunduki banaichukua, na wewe unarudi na miguu kama uko na bahati. Yaya yangu, dada yangu mukubwa, alikuwa amelala ku hopitali kule Beni, alizaa kwa kupasuliwa, na kidonda kilianza kunuka. Habari ilifika kwa fonii, ile radio ya parokia yenye ilikuwa inatusemesha na batu ba mbali: dawa ya sindano imeisha Beni, iko Butembo tu, na kama haifike usiku huu, musimungoje tena.

Mwalimu wetu wa mbio, mwenye alikuwa anafundisha pia darasa la tano, aligawanya njia vipande sita. Muchana tulitembea na majembe ku bega kama batu ba shamba, kila mutu akabaki ku kipande chake, akajificha, akangoja. Mimi nilipewa kipande cha tano, kuanzia Kalunguta, juu shamba ya mama iko pale na ninajua kila kona. Mwalimu alituwekea sheria: hapana tochi, hapana shati nyeupe, hapana kupayuka. Dawa inafungwa mugongoni na kitenge, kama mutoto.

Sheria ingine haikukuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya koko yangu, mama ya mama, na ya kila nyumba ya kwetu: ukiitwa jina lako usiku, usiitike. Mufu anaita mara tatu tu. Mutu muzima ataita ya ine. Ngoja ya ine, njo uitike.

Mwenye alinipokeza mu kipande cha ine alikuwa kijana wa kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, jirani yetu wa mabega makubwa. Alitoka mu giza akihema, akanifunga kitenge mugongoni yeye mwenyewe.

"Njo wewe banatupatia?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Basi yaya yako atakufa na uzee kabla ufike."

Nikamwambia afunge kinywa. Sikucheka, na leo najuta juu sikucheka.

Nikaenda. Hapakuwa mwezi. Ukungu ulishuka mupaka mu barabara, na migomba ilikuwa inadondosha maji pembeni, tone kwa tone. Kisha kupita kona ya pili nikasikia miguu nyuma yangu. Nikiongeza mwendo, nayo inaongeza. Halafu nikasikia jina langu.

Halikuwa jina la ubatizo. Lilikuwa lile la nyumbani, lenye batu ba nje habalijue. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mutu mwenye kuongea ndani ya bidon ya maji. Sikugeuka, sikuitika, nikahesabu moja. Mbele kidogo ikaita tena, karibu zaidi. Mbili. Ya tatu ilikuwa karibu sana mpaka nikasikia pumzi yake.

Pale nikapunguza mwendo. Kweli nilipunguza, Mungu ananijua. Nikasimama katikati ya barabara, kinywa tayari, nikingojea ya ine.

Haikuja. Miguu nayo haikusikika tena, hata ya kurudi. Nilisikia tu maji ya migomba. Nikakimbia vile sijakimbiaka tena, mpaka kwa dada wa kwaya mwenye kipande cha mwisho. Nikamupa kitenge, akaenda zake.

Asubuhi nilirudi na ile njia. Pale nilisimama usiku, nyuma hatua chache tu, kulikuwa jiwe pembeni ya barabara, na juu yake karito ya dawa, kale kasanduku ka karatasi. Majani yote yalikuwa yamelowana. Karito ilikuwa kavu. Chini ya jiwe kulikuwa sandali moja ya yule kijana.

Nikaelewa. Karito zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imebaki mu koti yake, na aliikumbuka nikiwa nimekwisha kuondoka, akanifuata.

Niliichukua, nikakimbia mimi mwenyewe mpaka Beni, nikapita mutaa wa Mulekera jua likiwa juu, bila kumwangalia mutu. Infirmiye, muuguzi wa hopitali, akasema ile ya usiku ilikuwa nusu tu, na ingeisha jioni. Yaya akapona.

Yule kijana wa chukudu hakurudi. Batu balimutafuta mu migomba siku nyingi. Hapakuwa damu, hapakuwa mutu mwenye alisikia kitu. Hata leo sijue ni nani aliyeiweka ile karito vizuri vile juu ya jiwe, na kama mutu mwenye anakamatwa anapata nafasi ya kufanya vile.

Mama yake alikuja kwetu, akakaa ku mukeka.

"Alikuita?"

"Aliniita, mama."

"Ukaitika?"

Alikuwa ananiangalia mu macho. Nikamwambia, "Niliitika."

Akapumua. "Wasingya," akanishukuru, akashika mukono yangu kwa muda murefu. Haya ya ule mukono haijaniacha.

Mutoto wa yaya alibatizwa na jina la yule kijana. Jioni, chakula ikiwa tayari, yaya anasimama ku mulango na kumwita. Mara ya kwanza mutoto anaendelea kucheza. Ya pili pia. Ya tatu naogopa kuisikia, basi kabla yaya afungue kinywa tena, mimi njo naitikaka.