Mstari Mmoja wa Rida Bastawisi

Nianze na aibu yangu, maana bila hiyo habari za Rida hazitanyooka. Siku tano kabla ya mashindano nilikwenda kwa kocha wetu, Injinia Sabri, nikamwomba amtoe Rida kwenye timu na kumweka Lutfi, mchezaji wetu wa akiba. Sikumung'unya maneno. Nilimwambia, "Injinia, sisi ni watatu kwa jina tu. Rida ni abiria."

Injinia alikuna kidevu. "Jumamosi nitatazama. Asipoleta hata puto moja, Jumapili, siku ya pili ya mashindano, Lutfi anakaa kwenye kiti chake." Siku ileile akampa Rida sharti hilo, bila kumtaja aliyelitaka.

Katika mashindano yetu ya kuandika programu, ukilijibu swali sawasawa unaletewa puto, linafungwa mezani pako, na kila swali lina rangi yake. Ukumbi mzima unakuona ulivyo tajiri au maskini. Miezi mitano Rida alikuwa maskini. Alitoka kijiji kimoja upande wa Abu Tig, amesoma kila kitu kwa Kiarabu tangu utotoni, na maswali yetu yote yanakuja kwa Kiingereza. Kila asubuhi ungemkuta maabara, ghorofa ya pili, chai imepoa, anaandika maana ya neno moja moja pembeni ya karatasi. Akimaliza kusoma, sisi tumeshamaliza kujibu. Kisha anaandika programu yake, anaituma kwa mashine inayosahihisha, na mashine inajibu kwa maandishi mekundu: si sahihi. Haikwambii umekosea wapi. Kuna swali moja alilituma mara sitini na moja.

"We kobe," nilikuwa nikimwambia nikipita, "mashine yenyewe imeshakuchoka."

"Ikichoka itanikubalia," alijibu, bila kuinua kichwa.

Jumamosi tuliingia ukumbini saa nne kasoro. Muda ni wa saa tano, mpaka saa tisa, watu watatu, kompyuta moja. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu mmoja akiandika wawili wanabaki na kalamu. Mimi nilipata puto la kijani mapema. Abanoub, mwenzetu wa tatu na fundi wa timu, alipata la buluu saa sita. Rida tulimpa swali la vituo vya treni, lililoonekana jepesi kuliko yote: umepewa umbali wa kila kituo kutoka Kairo, utafute pengo kubwa kuliko yote kati ya kituo na jirani yake.

Saa sita na nusu alikuwa bado anasoma. Maputo ya pinki, rangi ya swali hilo, yalishaanza kupepea kwenye meza za wenzetu.

"Bwana Rida, tafadhali, umefika wapi?" niliuliza.

"Aya ya pili."

Abanoub alimnyang'anya karatasi. "Aya ya pili ya nini, ndugu yangu? Mfano huu hapa! Unatoa hiki kwenye hiki, hiki kwenye hiki, unachukua kubwa. Mama yangu angeandika huku anakaanga bajia za taamiya." Akaketi, akaandika mistari ishirini na mitatu kwa dakika tano, akatuma.

Si sahihi.

Kila kosa linatuongezea dakika ishirini za adhabu. Abanoub akapanua nafasi ya kuhifadhi namba, huenda zilikuwa kubwa mno. Si sahihi. Akabadili hesabu ya kituo cha mwisho. Si sahihi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini nani angemwambia? Alipiga meza, akaliacha swali, akahamia jingine gumu, na kompyuta akaenda nayo.

Rida aliinua mkono, akaomba wasaidizi wa ukumbi wamchapie ile programu. Ikaja kwenye karatasi. Akaiweka kando ya swali, akaanza upya, neno la kwanza, la pili, kidole kikitembea. Mimi nilikuwa na swali langu lakini sikuona kitu. Nilimtazama yeye na saa ya ukutani. Nilitaka ashindwe, ili niwe nimesema kweli. Tena nilitaka apate.

Saa nane na dakika ishirini aliinua kichwa.

"Abanoub, naomba kibodi."

"Subiri."

Akasubiri! Saa nane na nusu akaomba tena, sauti ikiwa chini zaidi. Abanoub aliendelea kugonga, amezama. Rida alikunja karatasi, akaikunjua. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Hii ndiyo tabia yake iliyokuwa ikiniudhi, ya kuomba ruhusa mpaka mlango ufungwe.

Saa nane na dakika hamsini na tatu alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake na ukumbi ukageuka.

"Toka hapo."

"Nimebakiza kidogo..."

"Abanoub, toka! Miezi mitano nimekaa upande wa karatasi."

Abanoub alitoka, nadhani kwa mshangao tu. Rida alifungua programu ya vituo, akaanza kugonga kwa vidole viwili. Abanoub alichungulia begani kwake, akapandwa na hasira.

"Unapanga namba? Za nini? Zimeshapangwa! Tazama mfano, kituo cha karibu mpaka cha mbali."

"Kwenye mfano, ndiyo."

"Sasa je?"

"Nimesoma swali lote mara nne. Wapi pameandikwa kwamba zitakuja zimepangwa?"

Abanoub alichukua karatasi. Nikaisoma naye, kichwa kwa kichwa, juu mpaka chini. Hapakuandikwa. Sote wawili tulikuwa tumeuamini mfano, na swali lenyewe hatukulisoma.

Zimebaki dakika tatu. Rida alikosea herufi, akafuta. Alikosea tena. Nilitaka kumsukuma niandike mimi, nikaikalia mikono yangu. Dakika moja na nusu, akatuma. Kwenye kioo pakaandikwa: inasahihishwa. Ikakaa hivyohivyo. Abanoub alikuwa anamwomba mtakatifu wake, Mar Girgis.

Imekubaliwa.

Rida aliweka paji la uso juu ya kibodi, mabega yakaanza kutikisika. Msichana wa maputo alipofika alimkuta bado hivyo, akafunga lile la pinki kwenye kiti cha Rida kilichoanguka.

Nje, ngazini, Injinia Sabri alitukuta na daftari lake. "La pinki ni la nani?"

Nilimtazama Abanoub. Angesema ni lake asingekuwa ameongopa sana.

"Mistari ishirini na mitatu ni yangu," alisema. "Mmoja wa Rida."

"Mmoja? Upi?"

"Ule uliokosekana."

Injinia akaandika. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote, mtu yule hana huruma. "Haya, Nagla. Bado unamtaka Lutfi?"

Uso wangu uliwaka moto. Abanoub alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Nilimtaka," nilisema. "Simtaki tena." Halafu nikamgeukia Rida. "Rida, mimi ndiye..."

"Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Wiki nzima hukuniita kobe hata mara moja. Ukawa unaniita Bwana Rida, na tafadhali juu yake." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Nikajua umeshanizika."