Vibanio vya Mapindo ya Shati Jeupe

Kifungo kilichomshinda mume wangu hakikuwa cha mkono uliokufa. Kilikuwa cha mkono mzima. Watu wengi nikiwaeleza hawanielewi mpaka wajaribu wenyewe. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, wa kushoto ukabaki na nguvu zake. Kwa hiyo kifungo cha mkono wa kulia wa shati alikifunga kwa vidole vya kushoto, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Lakini kifungo cha kushoto kilihitaji vidole vya kulia, na vidole hivyo vilikuwa vimejikunja kiganjani, havifunguki hata kwa kubembelezwa. Basi mkono mzima ndio uliokuwa ukining'inia wazi.

Nazungumzia mapindo, yaani ile sehemu ngumu ya mwisho wa mkono wa shati, inayozunguka kifundo cha mkono na kufungwa kifungo. Sikuwahi kuyawazia mapindo kabla ya mwaka ule. Nilikuwa nayafua tu.

Sie tunakaa Chamazi, nyuma kabisa, ambako siku za mechi kelele za uwanjani zinafika zimechoka. Mume wangu alikuwa karani wa stoo maisha yake yote ya kazi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini Jumapili alikuwa msomaji. Wengi katika usharika wetu ni watu wa bara kama sisi, na wazee waliouanzisha walikuja na desturi zao. Mojawapo ni hii: anayesimama mbele kusoma Neno anavaa shati la mikono mirefu, nalo limefungwa mpaka vifundoni. Haijaandikwa popote. Kijana mmoja aliwahi kusoma amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, na mama mmoja wa kwaya akamwuliza mlangoni kama alikuwa anakwenda kupiga tofali.

Kiharusi kilipompata, maneno yalipotea yote. Baadaye yalirudi, ingawa yalirudi yakiburuta mguu kama yeye mwenyewe. Alianza kufanya mazoezi ya kusoma kitandani, akinisomea Zaburi, mstari mmoja kwa pumzi mbili. Mchungaji alikuja kumwona, akamsikiliza, akamwambia akipata nguvu atasoma tena, hata somo fupi. Siku ile nilimwona amekaa wima kuliko alivyokuwa amekaa kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa namvalisha. Nilimvalisha kila kitu, soksi hadi kola, na nilidhani Jumapili hiyo ikifika nitamvalisha shati jeupe, nimfunge vifungo, twende. Nilimwambia hivyo. Akasema polepole, kila neno kwa zamu yake:

"Nikivalishwa, mimi ni mgonjwa. Mgonjwa anaombewa. Hasomi."

Sikubishana naye. Nilimjua. Tangu siku ile jambo lililobaki kati yetu lilikuwa hilo moja: avae shati lile mwenyewe, mpaka vifundoni, asimame asome. Madaktari walishasema ule mkono hautarudi, na mguu utabaki hivyo hivyo. Kwa hiyo hakuwa na kingine cha kusubiri.

Tulianza kwa fundi wetu, anayeshona kwenye baraza la duka la jirani. Ni mtu wa utani, na alimpenda mume wangu kwa sababu alikuwa akimsikiliza bila kumkatiza.

"Mzee, tuweke lastiki tu, ishu imeisha," alisema.

"Lastiki ni ya chupi," mume wangu akajibu.

Fundi alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Akajaribu ile ya kunata, kama ya viatu vya watoto, lakini ilitaka kuvutwa kwanza ndipo inate, na wa kuvuta hayupo. Ikawa inanata upande, shati linakaa kama limevaliwa na mlevi. Na kila akiitoa ilitoa mlio wa kuchanika. Mume wangu akaifungua na kuifunga mara kadhaa, akalirudisha shati mezani. Fundi akasema labda tulegeze kifungo, apenyeze mkono pindo likiwa limeshafungwa. Alipenyeza. Pindo likashuka mpaka kwenye vidole, kwa maana mikono yake ilikuwa imekonda sana.

Nilikwenda Temeke, kwenye duka la vifungo na zipu ambako mama yangu mdogo alikuwa akinunua tangu niko msichana. Anayelikalia sasa ni mzee wa Kiarabu, amezaliwa hapohapo nyuma ya duka. Nilimwamkia, nikamweleza. Nilikuwa nimezoea watu kuniuliza kwa nini asivae fulana. Yeye hakuuliza. Alifikiri, akaingia ndani, nikasikia akibishana na mtu kuhusu ngazi, kisha akarudi na kopo la biskuti lililopauka.

Ndani mlikuwa na vibanio vidogo vya chuma, kimoja kama urefu wa pingili mbili za kidole, kina meno huku na huku na kiulimi cha kubonyeza kila upande. Akanieleza kwamba makarani wa enzi za baba yake walikuwa na mapindo ya kuvua. Shati lilirudiwa siku nyingi, mapindo yakafuliwa peke yake, kwa sababu wino na jasho vinaanzia pale. Upande mmoja wa kibanio unauma pindo, wa pili unauma mkono wa shati. Alijaribu kunionyesha, lakini kibanio kikamruka.

"Marehemu baba ndiye aliyekuwa anajua," alisema. "Mimi tangu nikae kiti hiki hajaja mtu kuviulizia. Chukua, mama. Kitu kisicho na mnunuzi hakina bei."

Alinifungia kwenye kipande cha gazeti, akaniambia nimsalimie karani wangu.

Fundi hakutaka kukata shati zima. Alisema mkono wake haujawahi kukata shati lisilo na kosa. Mume wangu akamnyooshea mkasi kwa mkono wa kushoto, ikawa basi. Mapindo yakatolewa, yakakazwa kwa kitambaa ndani, mikono ya shati ikapindwa vizuri pale ilipokatwa. Vifungo vya mapindo vilishonewa vikiwa vimefungwa, nayo yakawa kama bangili mbili nyeupe, za kupitishwa mkononi kisha kubanwa kwenye mkono wa shati zisishuke. Vibanio vilikuwa kazi ya mwenyewe.

Alikuwa anaingia chumbani, anafunga mlango. Alinikataza kuingia. Mimi nilikaa kwenye kibaraza nikichagua mchele, nikasikiliza. Sakafu yetu ni ya saruji, na kibanio kikidondoka mlio wake unasikika mpaka nje. Halafu nilimsikia akishuka kukitafuta, akishikilia kitanda, halafu akipanda. Wakati mwingine alikaa kimya kirefu na mimi nikaacha kuchagua mchele mpaka nisikie tena. Nikienda kufagia, nilikuta alama za meno yake kwenye ukingo wa mkono wa shati, na mikwaruzo kwenye ukingo wa meza. Sikumwuliza. Niliona ni kama kumchungulia mtu anaoga.

Siku moja jioni alitoka. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa, mapindo yamekaa, vibanio havionekani kwa sababu viliingia upande wa ndani. Alipita mbele yangu, akaenda mpaka kwa fundi kwa fimbo yake. Nilimfuata kwa mbali.

"Mzee, leo unaoa?" fundi akamwuliza.

"Wewe ndiye bibi harusi," akasema.

Fundi akamwinua mkono wa kushoto, akauzungusha akitafuta alipobana, hakuona. Akamwambia huo sasa ni uchawi wa kwetu Upareni, milimani. Mume wangu alikaa pale mpaka giza lilipoanza kuingia, mikono ameiweka juu ya magoti. Mimi nikarudi kupika. Nakumbuka niliunguza ugali.

Kanisani wakampangia Jumapili, somo la kwanza. Aliamka alfajiri, akaoga, akaingia chumbani. Mimi nilivaa, nikafunga nyumba upande wa nyuma, nikamwita mtu wa bajaji. Bajaji ikaja. Chumbani kibanio kikadondoka. Nikamwambia dereva asubiri kidogo. Kikadondoka tena. Joto lilikuwa kali hata asubuhi ile, na nadhani vidole vilikuwa na jasho. Nikasogea mlangoni.

"Muda, baba."

"Bado."

Dereva akapiga honi. Nilikwenda nikamwomba radhi, nikarudi mlangoni. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Ningeingia, ningembania, tungewahi. Sikuingia. Hata leo sijui kama nilifanya vizuri au vibaya, na sitaki mtu aniambie.

Alipotoka alikuwa amelowa mgongoni, lakini shati limefungwa. Tulipofika, binti mmoja wa vijana alikuwa ameshasimama mbele anasoma somo la mume wangu. Alisoma vizuri, haraka haraka kama wanavyosoma siku hizi. Tukakaa nyuma. Mume wangu alifungua Biblia akafuata kwa kidole, midomo yake ikatembea pamoja na binti yule, ikachelewa, ikaachwa.

Baada ya ibada mchungaji alimjia, akamshika bega, akamwambia wiki ijayo. Akajibu ataamka mapema zaidi. Kwenye bajaji, karibu na nyumbani, akaniuliza:

"Yalikaa sawa?"

"Yalikaa."

Wiki ijayo hakuifikia. Kiharusi cha pili kilimkuta uani asubuhi, kwenye kiti, anasubiri chai. Tulimkimbiza hospitali. Sitaeleza ya hospitali, kwa sababu hakuna lililotokea. Alilala, hakuamka.

Ukoo uliamua azikwe kwetu Upareni. Kwa desturi yetu mwanamume anavalishwa na wanaume, mke hayupo. Kwa hiyo nilimpa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mfuko wa nguo. Nilimwonyesha suti, shati jeupe, soksi, na mfuko mdogo wenye mapindo na vibanio. Nikamweleza kwamba shati lile bila mapindo halijakamilika. Alikuwa na simu mbili mkononi, gari linatafutwa, watu wa Moshi wanapiga, wa Same wanapiga. Akasema sawa, shemeji. Simlaumu. Mtu anayesema sawa siku ya msiba anasema sawa kwa kila kitu.

Jeneza likaletwa nyumbani kuagwa kabla ya safari. Basi lilikuwa limeshawashwa nje, dereva anataka kutoka kabla ya foleni ya Mbagala. Walifungua sehemu ya juu, na mimi nikawa wa kwanza. Mikono yake ilikuwa imewekwa juu ya tumbo, hata ule wa kulia walikuwa wameunyoosha kidogo. Mikono ya koti ilikuwa imepanda. Vifundo vyake vilikuwa wazi, vyeusi, vimekonda, na ukingo wa shati uliokatwa unaonekana ukiwa na alama zile za meno.

Nilimwita shemeji. Nikamwambia mapindo yamo kwenye mfuko mdogo, naomba avalishwe.

Alinijibu kwa upole, karibu na sikio langu, ili watu wasisikie.

"Shemeji, nani anaangalia mikono saa hizi?"

"Yeye," nikasema.

Alinitazama, akaenda kwenye gari, akarudi na mfuko. Walikuwa wameukuta, wakadhani ni vipande vya shati vilivyokatwa hospitali, lakini hawakuvitupa. Shemeji akainama. Alilipitisha pindo moja kwenye mkono wa kushoto kwa shida, kwa kuwa vidole vilikuwa vimekakamaa. Akachukua kibanio, akakitazama huku na huku. Akakibonyeza, kikafunguka. Akakibonyeza tena, kikauma hewa. Kikadondoka ndani, akakitafuta kwenye kile kitambaa cheupe. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yetu mpaka barabarani, na wanakwaya walikuwa wanarudia wimbo uleule kwa sababu umeisha na hatujasogea.

"Hivi vinabanaje?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo nimwelekeze. Ndipo nikaona kwamba sijui. Nilikuwa nje ya mlango siku zote zile. Nilijua mlio wake ukidondoka, nilijua meza imekwaruzika wapi, lakini namna alivyokuwa akivifunga sikuwahi kuiona. Hakuna aliyeiona.

"Sijui," nikamwambia.

Akajaribu tena kidogo, kwa heshima, mikono yake miwili mizima ikagongana juu ya mkono wa kaka yake. Kisha akaviweka vibanio mfukoni mwake. Pindo la kulia halikupita, basi alilikunja juu ya kifundo hivyo hivyo, akavuta mikono ya koti ishike yote mawili. Kwa mbali yalionekana yamekaa. Nikasogea, watu wakaanza kupita.

Nilisimama pembeni nikitazama mikono badala ya uso. Wachache tu walikuwa wamepita, pindo la kulia likateleza, likalala juu ya koti kama leso. Mama mmoja wa usharika aliyekuwa akiinama alilirudisha kwa ncha ya kidole, hakujua ni nini. Likateleza tena. Dereva akapiga honi, wakafunika.

Njia ya kwenda kwetu, ukiiacha lami, ni mawe na makorongo mpaka juu. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na jeneza na nikasikia kila linapogonga. Tulipofika mvua ilikuwa inanyesha, kaburi lilikuwa tayari, na wazee wakasema hakuna haja ya kulifungua tena jeneza.